Maradhi ya Samaki na Asili ya Kanuni ya Kutoa Taarifa



Halmashauri ilipoamua kuchapisha kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, ilinitaka mimi Katibu niandike habari za jambo ambalo limezidi kuulizwa mikutanoni: kwa nini mfugaji wa samaki anatakiwa atoe taarifa samaki wake wanapokufa, na kanuni hiyo ilitoka wapi. Wengi wadhani ni amri iliyobuniwa ofisini na mtu asiyepata kuingia bwawani hata siku moja. Sivyo ilivyo. Kanuni hii ina historia ndefu, nayo haikuanza kwa samaki, bali ilianza kwa ng'ombe.

Wazee wetu walisimuliwa habari za sotoka na wazee wao. Ugonjwa ule uliingia pembe ya Afrika, upande wa Massawa, katika miaka ya 1887 na 1888, ukashuka kusini kama moto wa nyika. Mwaka 1890 na 1891 ulikuwa umekwisha kuteketeza mifugo ya Wamasai na ya makabila mengine mengi ya Afrika ya Mashariki, na kufika mwaka 1896 ulikuwa umevuka Zambezi na kuingia kusini mwa bara. Ng'ombe walikufa, nyati wakafa, na watu wakafa kwa njaa. Hapakuwa na mtu wa kumpelekea mwenzake habari kwamba maradhi yaja. Kila nchi iliyajua yalipokuwa tayari yamo zizini.

Ulaya nayo ilipata somo lake, ingawa kwa hasara ndogo zaidi. Mwaka 1920 meli iliyochukua ng'ombe wa nundu kutoka Bara Hindi kwenda Brazili ilitia nanga katika bandari ya Antwerp, nchi ya Ubelgiji. Ng'ombe wale walikuwa na sotoka. Ugonjwa ukashuka nao bandarini, ukawapata ng'ombe wa Ubelgiji. Hapo wakubwa wa nchi za Ulaya walishtuka. Mwaka 1921 ulifanyika mkutano wa mataifa mjini Paris, na tarehe 25 Januari, 1924, mataifa 28 yalitia sahihi mapatano ya kuanzisha Ofisi ya kimataifa ya maradhi ya wanyama, makao yake Paris. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyepesi kuitaja na nzito kuitenda: nchi yenye ugonjwa na iseme, na Ofisi iwapashe habari nchi nyingine zote. Ofisi hiyo ndiyo leo iitwayo Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Nimeanza na sotoka kwa sababu mwisho wake pia watufaa. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha duniani mwaka 2011. Kwa mara ya mwisho ulionekana nchini Kenya, katika nyati wa Meru, mwaka 2001. Chanjo iliyofanya kazi kubwa ilitengenezwa hapa hapa kwetu, Muguga, na Dr. Walter Plowright na wenzake, na habari zake zikachapishwa mwaka 1962. Lakini chanjo peke yake isingeweza kumaliza kazi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipokuwa wakitafuta mahali ugonjwa ulipojificha, walikwenda kuwauliza wafugaji wenyewe, wale wanaoishi na ng'ombe usiku na mchana, nao ndio walioeleza walichokiona. Mfugaji asiyejua kusoma alitoa taarifa iliyokuwa na thamani kuliko darubini iliyoko mji mkuu.

Sasa tuje majini.

Samaki anapougua hatoi sauti. Ng'ombe mgonjwa huonekana akidondosha mate na kukataa majani, hata jirani apitaye njiani humwona. Samaki mgonjwa yuko chini ya maji yaliyotibuka. Akifa usiku, ndege amekwisha kumla kabla ya mapambazuko, na mwenye bwawa hujua tu siku ya kuvua kwamba hesabu haitimii. Kwa ajili hiyo maradhi ya wanyama wa majini yalichelewa sana kupata kanuni. Uingereza ilitunga Sheria ya Magonjwa ya Samaki mwaka 1937, baada ya majipu kuenea katika samaki wa mito yao. Katika ile Ofisi ya Paris, kamati ya magonjwa ya samaki iliundwa mwaka 1960, yaani miaka thelathini na sita baada ya Ofisi yenyewe. Kitabu cha Kanuni za Afya ya Wanyama wa Majini hakikutolewa mpaka mwaka 1995. Mzee wa miaka hamsini na mitano hivi leo alizaliwa kabla kitabu hicho hakijawako, na baadhi ya wanachama wetu walikuwa na mabwawa tayari.

Habari moja ya kale yastahili kuelezwa, kwa kuwa inaonyesha jambo ambalo wengi hatulielewi, nalo ni tofauti kati ya mnyama anayeuawa na ugonjwa na mnyama anayeubeba tu.

Katika mito ya Ulaya waishi kamba wa maji baridi, ambao watu wa huko huwapenda sana mezani. Katika miaka ya kukaribia 1860 kamba wa bonde la mto Po, nchi ya Italia, walianza kufa kwa wingi, hata mito mizima ikabaki mitupu. Ugonjwa ukaenda kaskazini nchi kwa nchi. Mwaka 1893 ulifika Ufini. Mwaka 1907 ukaingia Uswidi, na namna ulivyoingia yasimuliwa hadi leo: mfanya biashara mmoja wa Stockholm aliletewa kamba kutoka Ufini, akakuta wengi wamekufa au wanakufa, naye akawatupa katika ziwa Mälaren. Hakuna aliyemwuliza, wala hakukuwa na mahali pa kwenda kusema. Tangu siku zile kamba wa asili wa Uswidi wamezidi kupungua.

Kilichowaua ni kimelea cha jamii ya ukungu wa majini, ambacho mbegu zake huogelea. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Na kule kwao kamba wa Marekani wanacho kimelea hicho katika magamba yao, lakini hawafi. Miili yao hukifunga pale pale kwenye gamba kisipite ndani. Kamba wa Ulaya hawana kinga hiyo. Waswidi, wakitaka kuziba pengo, walileta kamba wa Marekani kuanzia mwaka 1960, kwa kuwa hao hawafi. Ni kweli hawakufa, lakini kila walipopelekwa waliupeleka na ugonjwa, na kamba wa asili waliosalia wakazidi kuangamia. Msaada uligeuka kuwa msiba.

Mwanachama aweza kusema, Uswidi ni mbali. Lakini kamba mwekundu wa Marekani alitiwa katika ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, naye ni katika jamii hizo hizo zibebazo kimelea bila kufa. Bara letu halina kamba wa asili wa namna hiyo, kwa hiyo madhara ya ugonjwa huo hayakuonekana. Ni bahati tu. Aliyemleta hakumchagua kwa sababu hiyo.

Ndugu yake kimelea hicho ndiye aliyetufikia sisi Waafrika. Habari hii nitaieleza kwa urefu, kwa maana yatuhusu zaidi kuliko zote.

Mwaka 1971, katika mkoa wa Oita nchini Ujapani, samaki wadogo wa mtoni wanaofugwa huko walionekana na vidonda vyekundu mwilini. Mwaka uliofuata, 1972, samaki wa jamii ya mkizi walikutwa na vidonda vya namna ile ile karibu na Bundaberg, upande wa mashariki wa Australia, na wavuvi wa huko wakauita ugonjwa wa doa jekundu. Ukaenda Papua, ukaingia nchi za kusini-mashariki ya Asia, na mwaka 1988 ukafika Bangladesh na Bara Hindi. Kufika mwaka 1996 ulikuwa Pakistan. Kila ulipofika, samaki wa mashamba ya mpunga na wa mabwawa walikufa kwa maelfu, na watu wakaogopa hata samaki wazima sokoni.

Namna ugonjwa huu ufanyavyo kazi ni hii. Mbegu za kimelea huogelea majini na hutafuta ngozi ya samaki iliyochubuka au iliyodhoofika. Zikishika, huotesha nyuzi zinazopenya ndani ya nyama, na samaki hubaki na kidonda kilicho wazi, mara nyingine mpaka mifupa au matumbo huonekana. Hali ya hewa ina sehemu yake. Maradhi hupamba moto wakati maji yapoapo, hasa yakiwa kati ya nyuzi 18 na 22 za Sentigredi, na baada ya mvua kubwa, kwa kuwa wakati huo kinga ya samaki hulegea. Maji yenye asidi hudhuru ngozi na kuufungulia mlango. Maji ya chumvi hauyapendi. Katika mto au ziwa hakuna dawa yoyote ya kutia. Ni katika bwawa tu mtu aweza kutoa maji, kukausha, na kutia chokaa.

Mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, wavuvi wa mito Chobe na Zambezi, pale ambapo Botswana, Namibia na Zambia zakutana, walianza kuvua samaki wenye vidonda ambavyo hawakupata kuviona katika maisha yao. Angalieni ni nani walioona kwanza. Hakuwa mtaalamu, bali mwenye wavu na mwenye ndoana. Walisema, na waliosikia wakaandika, na samaki wakapelekwa kupimwa. Mwezi wa Mei 2007 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilituma wataalamu wakaone kwa macho yao. Jibu likawa kwamba ni ugonjwa ule ule wa Ujapani na Australia, na ya kuwa hii ni mara ya kwanza kuthibitishwa katika bara la Afrika. Taarifa ikapelekwa Paris kama kanuni zitakavyo.

Taarifa ile haikuponya samaki hata mmoja wa Chobe. Nasema hivyo wazi ili mtu asidhani nauza dawa. Ugonjwa uliendelea na safari yake. Mwaka 2010 ulikuwa katika delta ya Okavango. Mwaka 2011 ulionekana Rasi ya Magharibi, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 2014 na 2015 ulionekana Bangweulu, Zambia, na katika nchi ya Kongo. Na mwaka 2020 ukathibitishwa Malawi. Mwenye kuijua ramani ataona kwamba maji ya Bangweulu hayaendi Zambezi; hushuka kwa mto Luapula mpaka Mweru na kuingia Kongo. Kwa hiyo ugonjwa umekwisha kuvuka mgawanyiko wa mabonde mawili makubwa. Samaki hatembei juu ya nchi kavu, na mimi binafsi nashuku zaidi ndoo na nyavu za wanadamu kuliko ndege wa angani.

Lakini kwa sababu taarifa ilitolewa, mambo fulani yaliwezekana. Watu waliambiwa mapema kwamba kimelea hicho hakimdhuru binadamu, ila samaki mwenye kidonda asiliwe bila kupikwa vizuri, maana kidonda huweza kukusanya bakteria wengine. Mtu asiyeambiwa neno hili huacha kabisa kula samaki, na mvuvi hulala njaa pamoja na mlaji. Tena nchi jirani zilijua la kutafuta. Daktari wa Malawi aliyeona kidonda mwaka 2020 hakuanza na giza kama yule wa Ujapani wa mwaka 1971.

Hapa ndipo lile neno la samaki wawezao kuupata ugonjwa lipatapo uzito. Zaidi ya jamii mia moja za samaki zimeandikwa kuwa zilipatwa na vidonda hivi. Kambale amo, na samaki wengi wadogo wa majani wamo. Lakini sato wa Nile, ambaye ndiye tumfugaye wengi wetu, alipojaribiwa na wataalamu alionekana kuwa mgumu. Ugonjwa haumshiki kwa urahisi. Mwatiko wa pwani vivyo hivyo, na karpi pia. Mwanachama aliyesikia hilo katika semina ya mwaka juzi alifurahi, akasema basi sisi wa sato tumesalimika. Asifurahi upesi. Katika Zambezi, ndugu wa sato walio wa mto ule, wa jamii moja naye kabisa, walikutwa na vidonda. Ujamaa wa samaki si dhamana. Kila jamii hupimwa peke yake, na jibu la mmoja halimfai binamu yake.

Kwa sababu hiyo Shirika la Paris limeweka masharti ya kuamua samaki gani aandikwe kuwa aweza kupata ugonjwa gani. Nimeyasoma, nami nitayaeleza kwa maneno ya kawaida. Kwanza yatazamwa kama samaki aliupata kwa njia inayofanana na ya asili, maana ukimdunga samaki sindano yenye sumu nyingi, hata asiyehusika ataugua. Pili, kimelea chenyewe kitambuliwe sawasawa, kisije kikachanganywa na kingine kifananacho nacho. Tatu, yaulizwa kama kimelea kilifanya maskani mwilini au kilipita tu. Mgeni aliyepita uani akaenda zake si mpangaji. Ikithibitika kwamba kilizaana ndani ya samaki, hiyo peke yake yatosha. Isipothibitika, basi yatakiwa mambo mawili kati ya matatu: kwamba kimelea kilitolewa mwilini kikiwa hai na kuweza kuambukiza, kwamba samaki alionyesha dalili za ugonjwa, au kwamba kimelea kilikutwa mahali pale mwilini kinapostahili kukaa.

Masharti hayo yaonekana kama mashauri ya mawakili, na kwa kweli sikuyapenda nilipoyasoma mara ya kwanza. Lakini fikirini matokeo yake. Samaki akiandikwa katika orodha, hawezi kuuzwa akiwa hai kutoka nchi yenye ugonjwa kwenda nchi isiyo nao ila kwa vyeti na vipimo. Akiandikwa bila haki, mfugaji hukosa soko bure. Akiachwa nje bila haki, ugonjwa hupita mlangoni mchana kweupe, kama kamba wa Marekani walivyopita Uswidi. Kwa hiyo ni afadhali wakili abishane kwanza.

Ugonjwa wa pili nitakaoutaja unamhusu sato mwenyewe, kwa hiyo wafugaji wa vizimba na wa mabwawa nawaomba wasikilize.

Tangu mwaka 2009 samaki wa jamii ya sato walikuwa wakifa kwa wingi katika ziwa la Galilaya na katika mabwawa ya nchi ya Israel. Katika Ekuado pia wafugaji walipata hasara, na sababu haikujulikana. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba wamempata mwuaji, kirusi kipya ambacho hakikupata kujulikana, wakakiita kirusi cha ziwa cha sato. Baadaye ikathibitika kwamba vifo vya Ekuado ni kazi yake yeye yule. Mwaka 2017 kikathibitishwa Misri na Thailand. Katika mashamba mengine ya Thailand walikufa samaki kati ya 20 na 90 katika kila mia. Tarehe 26 Mei, 2017, Shirika la Chakula na Kilimo lilitoa onyo kwa nchi zote zifugazo sato.

Kisha mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya upimaji wa sato wa ziwa letu Viktoria, wa upande wa Tanzania na wa Uganda, wa ziwani na wa mashambani. Walipimwa samaki 191. Katika hao, 28 walikutwa na dalili ya kirusi hicho mwilini. Na samaki hao walionekana wazima. Hawakuwa na kidonda wala hawakuwa wakifa.

Mkutano wetu mkuu ulibishana sana juu ya habari hii. Wengine walisema ni uvumi wa kutuharibia soko. Wengine walisema kama samaki hafi, basi hakuna ugonjwa. Mimi naona neno la pili ni la hatari kuliko la kwanza. Samaki anayebeba bila kufa ndiye anayesafiri vizuri. Huuzwa akiwa kifaranga, huwekwa katika mfuko wa plastiki wenye hewa, hupandishwa basi, hufika kwenye bwawa la mtu mwingine lenye maji ya moto, lililojaa samaki kupita kiasi, na huko ndiko vifo hutokea. Aliyemwuza haoni neno. Aliyemnunua hufikiri amerogwa. Na tukumbuke kwamba sato wa Nile mwenyewe ni mgeni katika Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950, wakati ambapo kanuni za kimataifa za afya ya samaki hazikuwako. Ngege wa asili alikuwa mwenye nyumba.

Mwaka 2022 Shirika la Paris liliingiza kirusi hicho katika orodha ya magonjwa yanayopasa kutolewa taarifa. Mpaka hapo ilikuwa imepita miaka minane tangu kilipotangazwa na wataalamu. Twaweza kulaumu uzito wa mabaraza, lakini ni yale yale masharti niliyoyataja: kwanza ushahidi, kisha orodha.

Sitarefusha juu ya kamba wa baharini. Yatosha kusema kwamba ugonjwa wa madoa meupe ulithibitishwa katika mashamba ya kamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, na wenzetu wa pwani wanajua ng'ambo hizo si mbali nao.

Sasa, kanuni yenyewe inataka nini? Kwa upande wa nchi, inataka kwamba ugonjwa ulio katika orodha ukitokea kwa mara ya kwanza, au ukirudi baada ya kutangazwa kuwa umekwisha, Mjumbe wa nchi apeleke taarifa Paris katika muda wa saa 24. Halafu apeleke habari kila wiki mpaka jambo lishe au litulie. Pia apeleke taarifa ugonjwa uliozoeleka unapomshika samaki wa jamii ambayo haikujulikana kuwa hushikwa nao. Hilo la mwisho ni la maana sana kwetu. Likitokea kwamba sato mwenye vidonda ameonekana katika bwawa la mmoja wetu, ambaye vitabu vinasema ni mgumu, habari hiyo ni kubwa kwa dunia nzima, si kwa kijiji tu.

Lakini saa 24 za Mjumbe haziwezi kuanza kuhesabiwa mpaka habari imfikie. Kwake yeye habari hutoka kwa Afisa Uvuvi, na kwa Afisa Uvuvi hutoka kwa mwenye bwawa. Kwa Tanzania Bara kazi ya uvuvi na ufugaji wa samaki iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na siku hizi ng'ombe na samaki wako katika Wizara moja, jambo ambalo kwa historia niliyoieleza lafaa kabisa. Mnyororo huo wote wategemea pete ya mwisho, na pete ya mwisho ni mtu aliyesimama asubuhi kwenye ukingo wa bwawa lake akiwahesabu samaki wanaoelea tumbo juu.

Mtu huyo ana hofu, na hofu yake si ya kijinga. Akisema, atazuiwa kuuza. Jirani watamnyoshea kidole. Vifaranga alivinunua kwa mkopo wa Chama, na mkopo hausubiri maabara itoe jibu. Fidia hakuna aliyomwahidi. Asiposema, aweza kuvua usiku ule ule wale waliosalia, akawauza, akalipa deni, na maji ya bwawa akayafungulia mtaroni. Nimesikia watu wakimlaani mtu wa namna hiyo mkutanoni, na baadhi ya waliomlaani hawana bwawa. Kumlaani hakusaidii neno. Maji aliyoyafungulia yanakwenda kwa jirani aliye chini yake, naye pia ana mkopo wa Chama. Na siku jirani akifilisika, deni lake latugeukia sisi sote kwa kuwa ndiyo maana ya ushirika. Kwa hesabu ya fedha tu, bila kutaja wema, ni rahisi zaidi kwa Chama kumpa muda wa kulipa mtu mmoja aliyesema kuliko kufuta madeni ya watu kumi walionyamaza.

Kwa hiyo Halmashauri imetayarisha sheria ndogo, nayo italetwa mbele ya mkutano mkuu ujao. Nitaieleza kwa ufupi ili wajumbe waje wakiwa wameifikiria. Mwanachama atakayetoa taarifa ya vifo visivyo vya kawaida kwa Afisa Uvuvi na kwa ofisi ya Chama siku ile ile atakapoviona, ataahirishiwa malipo ya mkopo wake wa vifaranga mpaka msimu ufuatao, bila nyongeza. Atakayeficha, na ikathibitika, hatapata vifaranga kwa mkopo kwa misimu miwili. Kila ununuzi wa vifaranga utaandikwa katika daftari: tarehe, hesabu, shamba vilikotoka, na bwawa vilikokwenda. Wajumbe wengine wa Halmashauri wanaona adhabu ni kali na wengine wanaona msamaha ni mkubwa mno kwa mfuko wetu ulivyo. Mkutano utaamua.

Daftari hatukulingojea. Limekwisha kufunguliwa, liko mezani kwa karani wa ghala la pembejeo, na vifaranga vya msimu huu vimeanza kuandikwa humo. Anayekuja kuchukua vifaranga aje na jina la bwawa lake kama lilivyo katika kadi ya uanachama. Na anayeona samaki wanaelea, asiwatupe wote. Achague watatu au wanne walio hai bado lakini wagonjwa, awatie katika ndoo yenye maji ya bwawa lile lile, awafunike, aandike saa, na asiipeleke ndoo hiyo kwenye bwawa la mtu mwingine njiani. Ndoo hiyo, nyavu na viatu vioshwe na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kutumiwa tena.